Kereng'ende wa vuli ni wachache mwaka huu: je, wanatoweka?

*"Ninaishi Kisauni, Mombasa. Kila vuli inapoanza tumezoea kuona kereng'ende wa rangi ya manjano wakizunguka kwa mamia juu ya uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu. Mwaka huu wamekuja wachache mno. Jirani yangu anasema wameuawa na dawa ya mbu inayopulizwa mitaani na kwamba karibu wataisha duniani. Isitoshe, katika tangi la saruji tunalokingia maji ya mvua nimeona wadudu wa rangi ya udongo, wenye miguu sita na macho makubwa. Mke wangu anataka niwamwagie dawa. Watoto nao huwakamata wale wanaoruka na kuwafunga uzi, na bibi yao huwakanya kwa kuwa anaamini wanachoma kwa mkia. Hawa ni kereng'ende gani, wanatoka wapi, wako hatarini, na nifanye nini na hao wa tangini?"*

Ndugu yangu, swali lako lina mambo manne ndani yake, lakini moyo wake nauona ni mmoja: unahofia kwamba kitu ulichokizoea tangu zamani kinaondoka mbele ya macho yako na hakuna anayejali. Hofu hiyo naiheshimu. Nitakueleza pia kwa nini, kwa mdudu huyu hasa, haina sababu, na kwa nini ingefaa uielekeze kwa ndugu zake ambao pengine hujawahi kuwaona.

Nianze na jina. Kereng'ende wa manjano anayezunguka kwa makundi juu ya uwanja mkavu, mbali na bwawa, wakati mawingu ya vuli yanakusanyika, kwa kawaida huwa ni yule ambaye wanasayansi humwita Pantala flavescens, jina alilopewa mwaka 1798 na Johan Christian Fabricius. Urefu wa mwili wake ni kama sentimita 4 na nusu, mwili una rangi ya dhahabu inayoelekea machungwa, na macho yake yana wekundu kwa juu. Tabia yake humtambulisha kuliko rangi. Karibu kutwa nzima huwa angani, na anapopumzika huning'inia chini ya tawi au jani kama nguo iliyoanikwa, wala halali kwa ubapa juu ya kijiti. Ukimwona kereng'ende mwekundu kama pilipili aliyetua kwenye unyasi kando ya maji na kurudi pale pale kila akiruka, huyo ni mwingine, tena ni mwenyeji wa hapo hapo.

Sasa kuhusu kuchoma. Bibi wa watoto ana imani ambayo wazee wengi wanayo, na chanzo chake kinaeleweka, kwani ule mwili mrefu hujikunja mdudu anaposhikwa kana kwamba anatafuta mahali pa kudunga. Lakini kereng'ende hana mwiba wala sumu. Unachokiona nchani mwa mwili wa dume ni vibanio vya kumshikilia jike wakati wa kujamiiana. Akiminywa sana anaweza kung'ata kwa taya, na kwa mdudu wa ukubwa huu mng'ato huo hautoi hata damu. Kwa hiyo bibi asiwaogopee watoto, ila namuunga mkono katika kuwakanya: mdudu huyu ana uzito wa takriban theluthi moja ya gramu, na uzi aliofungwa unatosha kumzuia asiwinde wala asitage. Wafungue, wawatazame tu.

Tukija kwenye asili yao, hapa ndipo mimi mwenyewe huvutwa zaidi. Mdudu huyu ndiye kereng'ende aliyeenea kuliko wote duniani. Yuko Afrika, Asia, Australia, Marekani ya Kaskazini na ya Kusini, na katika visiwa vilivyotupwa mbali baharini. Katika kisiwa cha Rapa Nui, kilicho peke yake katikati ya bahari ya Pasifiki, ndiye kereng'ende pekee aliyepo. Bara la Antaktika hajafika, na Ulaya huonekana kwa nadra. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers cha Marekani walilinganisha chembe za urithi za kereng'ende hawa kutoka mabara mbalimbali, wakakuta zinafanana kiasi cha kuonyesha kwamba wanaendelea kuchanganyika na kuzaana ng'ambo za bahari.

Anawezaje mdudu mdogo hivi kuvuka bahari? Sehemu ya jibu imo katika mabawa. Bawa lake la nyuma ni pana mno shinani, pana kuliko la kereng'ende wengi, na upana huo humwezesha kuelea hewani kwa muda mrefu bila kupiga mabawa, huku akiunguza mafuta machache sana mwilini. Sehemu nyingine ya jibu ni upepo, na hapo mtu wa Mombasa ana faida kuliko mtaalamu yeyote wa bara, kwa sababu kaskazi na kusi si maneno mageni kwake. Wazee wetu walingoja kaskazi iwalete wageni kwa majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, wakangoja kusi iwarudishe. Kereng'ende huyu anafuata ratiba inayokaribiana sana na hiyo.

Mtu aliyeifungua habari hii ni Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi miaka mingi. Alishangaa kuona kwamba kila Oktoba visiwa vile hujaa kereng'ende kwa maelfu, ilhali havina mito wala maziwa ya kutosha ya kuwazalia. Aliandika tarehe zao mwaka baada ya mwaka, akazikusanya na tarehe za India ya Kusini, za Shelisheli na za visiwa vya Aldabra, na alipozipanga akaona safu inayosogea: India kwanza, kisha Maldivi mwezi Oktoba, Shelisheli Novemba, Aldabra Desemba, kila hatua ikielekea Afrika Mashariki. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 2009. Alikisia kwamba mzunguko mzima, kwenda na kurudi, ni kati ya kilomita 14,000 na 18,000, na kwamba hakuna kereng'ende mmoja anayeumaliza peke yake. Hukamilishwa na vizazi vinne hivi, kila kimoja kikichukua kipande chake.

Kuna jambo moja ambalo baharia yeyote angeliuliza hapa. Oktoba kaskazi bado haijashika sawasawa, na kule Maldivi upepo wa chini huwa bado unatoka magharibi, sasa mdudu anasafirije kinyume chake? Jibu ni kwamba hasafiri chini. Kwa zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, nyuma ya ule ukanda wa mvua unaoshuka kuelekea kusini, upepo wa kaskazini-mashariki huwa umekwisha kuanza hata kama matanga yaliyo chini hayajauhisi. Kereng'ende hupanda mpaka kwenye upepo huo na kubebwa nao. Tena ukanda huo wa mvua ndio unaowapa sababu ya safari, kwa kuwa mbele yake kuna madimbwi mapya, nao wanahitaji madimbwi ili watage.

Ushahidi wa pili ulikuja mwaka 2012, nao ni wa ustadi mkubwa. Maji ya mvua hayafanani kila mahali, kwani kiasi cha haidrojeni nzito iliyomo hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Kereng'ende hukulia majini, na alama ya maji hayo hubaki katika bawa lake maisha yake yote, mfano wa muhuri wa bandari ya kuzaliwa. Watafiti walipopima mabawa ya kereng'ende waliokamatwa Maldivi, alama haikuwa ya visiwa vile wala ya ncha ya kusini ya India. Ilielekeza kaskazini mwa India na kupanda hadi pande za Himalaya.

Nisikupe picha kwamba kila kereng'ende wa uwanja wa Kisauni ametoka India. Wengine huzaliwa hapa hapa katika madimbwi ya Afrika Mashariki na kuhama kwa kufuata mvua ndani ya bara. Lakini wageni wa ng'ambo wapo, na wana wenzao wa safari. Kozi wa Amur, ndege mdogo wa kuwinda anayezaliana pande za Siberia na Uchina, huvuka bahari hiyo hiyo kutoka India kuja Afrika msimu ule ule, na Anderson alipendekeza kwamba huwala kereng'ende hawa njiani angani, mahali ambapo hakuna chakula kingine.

Ukishaielewa safari hiyo, uchache wa mwaka huu unaanza kupata maelezo. Kereng'ende hawa hawana kwao katika uwanja wako. Wanatua palipo na mvua. Vuli ya pwani yetu hubadilika sana kwa sababu inategemea joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, mvua hufurika. Yakiwa baridi, vuli hukauka, kama tulivyoona kwa ukali katika misimu iliyofuatana kuanzia mwishoni mwa 2020. Mvua ikichelewa, au ikinyesha bara kabla ya pwani, kundi linaweza kupita juu ya vichwa vyenu usiku na kwenda kutua mbali. Wewe umeona uwanja mtupu ukadhani wameisha, kumbe wako mahali pengine wakitaga.

Hebu sasa tulitazame dai la jirani kwa haki. Kuhusu dawa hakukosea kabisa. Dawa zinazopulizwa kuua mbu hazichagui, na kereng'ende aliyeruka ndani ya moshi huo, au buu lake lililo katika dimbwi ambalo dawa imeingia, anaweza kufa. Madimbwi ya msimu nayo yanapungua mjini kila bonde linapofukiwa na kujengwa nyumba. Mambo hayo mawili yanaweza kabisa kupunguza kereng'ende wa mtaa mmoja. Alipokosea ni pale aliporuka kutoka mtaa hadi dunia. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ambalo hutunza Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, limemweka Pantala flavescens katika daraja la chini kabisa la hatari, yaani kundi la viumbe ambao kutoweka kwao hakutarajiwi. Sababu ni hizo nilizokueleza: ameenea karibu kote penye joto, ni wengi mno, hutaga katika maji yoyote ya kupita, na hukua haraka. Buu lake humaliza ukuaji kati ya siku 38 na 65, kabla jua halijakausha dimbwi.

Daraja hilo, hata hivyo, lisomwe vizuri. Linapima hatari ya aina nzima kutoweka duniani. Halisemi kwamba kila mahali mambo ni mazuri. Vilevile halisemi lolote kuhusu kereng'ende wengine, na hapa ndipo ninapotaka kuichukua hofu yako na kuipeleka inakostahili. IUCN ilipokamilisha tathmini ya kereng'ende wote wa dunia mwaka 2021, aina 6,016, ilikuta asilimia 16 ziko katika hatari ya kutoweka. Hizo kwa kawaida si zile zinazosafiri. Ni zile zisizoweza kuhama, zilizofungwa na kijito kimoja au kipande kimoja cha msitu.

Huna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Katika misitu ya pwani, kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Msumbiji, ikiwemo Shimba Hills kule Kwale, kuna kereng'ende mwembamba, mkubwa kwa namna ya kushangaza, aitwaye Coryphagrion grandis. Hatagi mtoni wala ziwani; hutaga katika maji ya mvua yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti mikubwa, na mabuu yake hukulia humo, juu ya ardhi. Jamaa zake wa karibu wako katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, upande wa pili wa Atlantiki, jambo linaloonyesha ukoo wake ulivyo wa kale. Sasa fikiri: mti mkubwa wenye shimo ukikatwa kwa ajili ya mbao au makaa, kereng'ende huyu hawezi kusema atangoja upepo umpeleke India. Nyumba yake imekwisha. Kwa sababu hiyo misitu ya Shimba Hills na makaya ya Wamijikenda, ambayo wazee waliyalinda kwa miiko muda mrefu kabla ya UNESCO kuyaorodhesha mwaka 2008, ni muhimu kwake kuliko tunavyoweza kueleza.

Na ukivuka mpaka kidogo tu, katika milima ya Usambara ya Mashariki nyuma ya Tanga, yupo Amanipodagrion gilliesi, aliyetambuliwa mwaka 1962, anayeishi kando ya vijito vyenye kivuli katika msitu wa Amani. Huyo yuko katika daraja la juu kabisa la hatari. Kijito kikikosa kivuli maji hupata joto na tope, na mabuu yake hayavumilii. Nakutajia hayo kwa sababu uhusiano wetu na vijito vya namna hiyo si wa mbali: maji ya chemchemi za Marere, ambayo Mombasa imeyanywa tangu enzi za ukoloni, yanatoka katika milima hiyo hiyo ya Shimba. Msitu unaowafaa kereng'ende wa vijito ndio unaojaza mabomba.

Turudi kwenye tangi lako. Kwa maelezo uliyotoa, wadudu hao wa rangi ya udongo wenye macho makubwa karibu hakika ni mabuu ya kereng'ende. Huenda ni ya huyu wa manjano, huenda ni ya wenyeji. Kwa uamuzi unaohitaji kuufanya, tofauti hiyo ni ndogo. Buu hili ni mwindaji wa ajabu. Chini ya kichwa limekunja mdomo mfano wa mkono, ambao huchomoka ghafla, hushika kiluwiluwi cha mbu na kukirudisha kinywani kabla hujapepesa jicho. Hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya sehemu ya nyuma ya mwili, na likitishwa husukuma maji hayo kwa nguvu na kufyatuka mbele. Siku ikifika hupanda juu ya maji, aghalabu usiku, hupasua gamba mgongoni na kereng'ende hutoka humo.

Je, yaachwe? Hapa lazima niwe mkweli, kwa kuwa wapo wanaowatangaza kereng'ende kuwa tiba ya mbu, na mimi siungi mkono kauli hiyo. Mabuu hula viluwiluwi vingi, ni kweli, lakini mbu anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, magonjwa yaliyotusumbua Mombasa mwaka 2013 hadi 2014 na tena mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, hupenda kutaga katika makopo, matairi na ndoo, mahali ambapo kereng'ende kwa kawaida hatagi. Kwa hiyo kuwa na mabuu tangini hakukuondolei wajibu wa kumwaga maji yaliyotuama uani.

Kama maji ya tangi ni ya kunywa au kupikia, ushauri wangu ni kulifunika kwa wavu mzuri usiopitisha mbu na kuyachemsha au kuyatibu maji kabla ya kuyatumia, kama ambavyo ungepaswa kufanya hata bila mdudu yeyote. Kabla ya kufunika, yachote mabuu kwa chujio na uyahamishie katika bwawa la maji yasiyo ya chumvi. Kama ni maji ya kufulia na kumwagilia, unaweza kuyaacha mabuu yamalize ukuaji, wiki chache tu, kisha ukafunika. Simamisha kijiti kigumu kinachotokeza juu ya maji ili yapate pa kupandia, kwa kuwa ukuta wa saruji laini huyaangusha na mengi hufa maji wakati wa kujivua gamba. Jambo ambalo nakusihi usilifanye ni kumwaga dawa ya kuulia wadudu. Utawaua hawa pamoja na mbu, lakini mbu hurudi ndani ya siku chache, wao hawarudi upesi hivyo, na maji yenyewe utakuwa umeyatia sumu. Ikiwa viluwiluwi vimekuzidi, ipo dawa ya bakteria iitwayo Bti ambayo huua viluwiluwi vya mbu na kuwadhuru wadudu wengine kwa kiasi kidogo sana, ila mwite afisa wa afya ya umma wa eneo lako aje alione tangi kabla ya kutia chochote. Na mtu yeyote nyumbani akishikwa na homa kali yenye maumivu ya viungo au ya nyuma ya macho, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo akapimwe.

Huenda pia umeona kereng'ende hawa wakigusa-gusa boneti ya gari kwa ncha ya mwili. Wanataga. Mng'ao wa rangi ya gari huakisi mwanga kwa namna ile ile ya uso wa maji, na macho yao hudanganyika. Mayai hayo hukauka na kufa. Ukiegesha gari kivulini au ukilifunika kwa turubai siku wanazozunguka, utakuwa umewaokoa wengi kwa kazi ndogo.

Kama bado una shaka kuhusu aina yao, piga picha mbili: moja ya ubavuni akiwa amening'inia, na nyingine ya mabawa kutoka juu, ukiandika tarehe, mahali na kama mvua imenyesha. Idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi ina hifadhi kubwa ya vielelezo, na utambuzi wa uhakika hufanyika kwa kulinganisha na hivyo. Halafu uitunze ile karatasi ya tarehe. Watoto wanaweza kuhesabu kila jioni, dakika 10, mahali pale pale uwanjani, kuanzia Oktoba hadi kaskazi ishike, na wakirudia vuli ijayo na ile inayofuata mtakuwa na hesabu ya kumwonyesha jirani.